Ramani ya Vifungo

Kando ya mashine ya kusaga nafaka palikuwa na ghala ambalo zamani lilijaa magunia, na sasa halikuwa na gunia hata moja. Ukutani, kuanzia mlango wa mbele mpaka dirisha la nyuma, zilitundikwa shuka nne nyeupe zilizoshonwa zikawa kitu kimoja. Juu ya shuka hizo kilikaa kijiji kizima. Barabara zilikuwa vipande vya kaki vilivyobaki kwenye sare za wanafunzi. Kijito kilikuwa utepe wa bitana ya buluu, na shule ilikuwa mfuko wa shati. Nyumba nazo, lo, nyumba zilikuwa vifungo! Vifungo vya koti, vya blauzi, vya mito ya makochi, vyenye matundu mawili na vyenye matundu manne, mia tatu na ushei, kila kimoja kimeshikizwa kwa pini mahali pake.

Aliyeshona shuka hizo alikuwa fundi cherehani wa kijiji, mama mwembamba, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Mkubwa kwa mdogo walimwita Fundi. Alikuwa na watoto wanne waliomtia fahari, lakini mgeni akifika kijijini hakuonyeshwa watoto kwanza. Alipelekwa ghalani.

Jambo hili lilianza miaka miwili nyuma, halmashauri ilipoleta mpango wa kijiji uliochorwa mjini na watu waliopita mara moja tu, tena ndani ya gari lililofungwa vioo. Katika mpango huo barabara ya malori ilipita katikati ya shule na nyumba, hivi kwamba kila mtoto angelazimika kuivuka asubuhi na mchana. Kijito hakikuwapo kabisa. Fundi alipouona alishika kiuno. “Ebo! Hiki ni kijiji cha nani? Hawa wametuota!” Watu walicheka, kisha wakakasirika, kisha wakaenda halmashauri kwa wingi wao.

Halmashauri ikalegea, ila ikatoa sharti. Kijiji kikichora mpango wake chenyewe, na zaidi ya nusu ya wakazi wakaupigia kura ya ndiyo kabla ya tarehe fulani, mpango huo utakuwa sheria kwa miaka kumi na tano. Hakuna barabara, nyumba wala zahanati itakayojengwa kinyume chake. Wakishindwa, ule wa mjini utarudi na malori yake yote.

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa mwenye mashine ya kusaga, mzee mnene, mkunjufu, asiyependa jambo lilale. Mjadala ukirefuka aligonga meza na kusema, “Haya, tuendelee!” Watu wakambandika jina la Mzee Tuendelee, naye hakulikataa. Fundi akawa katibu, na kwa kweli ndiye aliyekuwa dereva wa kamati; mwenyekiti alikuwa honi.

Mwanzoni kila aliyejisikia alibandika vifungo. Siku moja Mzee Tuendelee, kwa nia njema kabisa, akambandikia jirani yake nyumba upande huu wa njia badala ya upande ule. Jirani akasema anaporwa kiwanja. Wakatupiana maneno mazito mpaka kikao kikavunjika. Hapo Fundi akakata kauli: “Kuanzia leo kila mwenye nyumba atakuja na kifungo chake, atakibandika kwa mkono wake. Hakuna kumsemea mtu nyumba yake!” Kanuni ikapendwa mno, maana ilikuwa ya haki na iliondoa ugomvi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi ghala lilifurika. Watu walikuja na vifungo walivyong'oa kwenye nguo zao za sikukuu, wakabishana, wakataniana, wakakubaliana mahali pa kupitisha njia ya mifugo na mahali pa kuacha miti isikatwe.

Sasa, kulikuwa na watu wa bondeni. Hawa walikuwa kaya kumi na moja za wafyatua matofali, na Jumamosi ndiyo siku malori yalipokuja kubeba matofali yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika ghalani. Kwa hiyo sehemu ya chini ya ramani ilibaki nyeupe, tambarare, safi kama shuka iliyotoka kupigwa pasi.

Utauliza, je, Fundi hakujua kwamba bondeni kuna watu? Alijua fika. Dada wa mumewe, wifi yake mwenyewe, alikuwa mmoja wao. Lakini kanuni ni kanuni. Alikuwa amewaita kwa barua, akawaita kwa watoto wa shule, na mwisho akaona basi, asiyetaka halazimishwi. Isitoshe, kwa hesabu zake nyumba kumi na moja zilikuwa pembezoni, na katikati mlikuwa na nafasi tele. Hesabu hizo alizipiga akiwa ameketi kwenye cherehani. Mguu wake haukuwa umekanyaga bondeni kwa miaka minne, kwa kuwa wifi ndiye aliyezoea kupanda kuja kwao, wala hapakuwa na lililompeleka huko.

Afisa mipango alipotumwa na halmashauri kuihamishia ramani kwenye karatasi, alivua kofia mbele ya kazi ile. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi. Akauliza, “Na hapa peupe?”

“Hapo ni wazi,” alijibu Mzee Tuendelee. “Ndipo tulipoweka zahanati, na nyumba thelathini za vijana wetu wanaooa.”

“Pazuri. Tambarare, karibu na maji,” afisa akasema, akachora.

Fundi alisikia kitu kidogo kikimtekenya moyoni. Akakipuuza.

Siku kumi kabla ya kura, vijitabu vya mpango vilitoka kwa mpiga chapa. Sheria ilitaka kila nyumba ipewe kimoja mkononi. Wajumbe waligawana mitaa, na Fundi akajitwika bonde, maana moyoni alitaka kumwonyesha wifi yake kwamba yale aliyoyasusa yamekamilika bila yeye.

Alimkuta wifi anafyatua matofali, magoti chini, mikono imezama kwenye udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mama wa miraba minne, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya kijito. Alijaza kalibu kwa tope, akasawazisha kwa kiganja, akapindua, na tofali likaketi chini bila kukwaruzika.

“Karibu, wifi yangu! Leo umepotea njia?”

“Nimekuja kukuletea kitabu. Siku ya kura mtakuja, au nayo mtatutupa?”

Wifi akafuta mikono, akafunua kijitabu polepole, akaitazama ramani. “Hii zahanati mmeiweka wapi?”

Fundi akanyoosha kidole kuelekea uwanda mpana uliokuwa mbele yao, wenye majani mafupi ya kijani. “Pale. Huoni palivyo pazuri?”

Wifi hakucheka. Hilo ndilo lililomshtua Fundi. Aliingia kwenye kibanda, akatoka na nondo ndefu kuliko mtu mzima, akampa. “Nenda kaichomeke pale. Usitumie nguvu.”

Fundi akaenda akiguna. Akaisimamisha nondo juu ya majani, akaiegemea kidogo tu. Ikazama. Ilizama kama kijiko kwenye uji, ikazidi kina cha magoti, ikazidi kina cha kiuno, na kama asingeishika ingemponyoka mikononi. Akaichomoa, akasogea hatua kumi, akajaribu tena. Mambo yakawa yale yale.

“Babu zetu walichimba udongo hapo, na baba zetu, na sisi,” wifi alisema nyuma yake. “Shimo likiisha udongo tunalifukia kwa majivu ya tanuru na matofali yaliyovunjika. Majani yanaota juu, mtu akipita anaona uwanja. Mvua ikija maji yanapita chini kwa chini. Unaona nyumba zetu zilivyokaa? Unadhani tulipenda kutawanyika? Zimekaa pale tu ambapo hapajawahi kuchimbwa. Mimi nilijidai, nikasogeza jiko langu hatua tano. Njoo ulione.”

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba. Ukuta wake mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake, na kwenye ufa mkono mzima uliweza kupita. Fundi aliuingiza wake, akauacha humo kidogo, akautoa. Aliona aibu, na aibu ikamtia hasira, kama inavyowatokea wengi wetu.

“Na kwa nini hukuja kusema? Miaka miwili, wifi! Tumewaita mpaka sauti zikakauka!”

“Miaka miwili mnakutana Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya malori. Tusipopakia tunalala njaa wiki nzima. Mlitaka tuwaache madereva hapa tuje kubandika vifungo?” Kisha sauti ikamlainika. “Mlituita, ni kweli. Lakini hakuna aliyeshuka kutuuliza siku ipi inatufaa. Hata wewe, wifi. Na wewe ni wa nyumbani.”

Fundi alipanda kurudi kwao na vijitabu kumi mkononi. Alishindwa kuvigawa.

Alimkuta Mzee Tuendelee kwenye mashine, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Mzee alizima mashine ili asikie vizuri, na aliposikia akatamani asingeizima.

“Fundi, zimebaki siku kumi. Vitabu vimeshachapwa. Tukiugusa mpango sasa, tarehe inatupita na yale malori yanarudi mlangoni kwa shule. Umesahau tulikotoka?”

“Sijasahau.”

“Basi tupige kura kwanza. Tukishapita tutarekebisha polepole. Hilo la bondeni unalijua wewe na wifi yako tu. Tuendelee!”

Ndipo Fundi alipojikuta njia panda. Sheria aliijua kuliko mwenyekiti, maana ndiye aliyemsomea. Mpango ukishapigiwa kura haubadilishwi kwa miaka mitano ya kwanza, na mkandarasi hajengi anapoonyeshwa na mafundi cherehani. Anajenga pale karatasi inaposema. Akinyamaza, zahanati itasimama juu ya majivu, na siku moja itaketi chini ikiwa na wagonjwa ndani. Akisema, kazi ya miaka miwili inaweza kuyeyuka kwa kinywa chake mwenyewe, na watoto wavuke barabara ya malori kwa sababu yake. Alishika mkasi, akauweka. Akashika sindano, akajichoma.

Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na ambaye kwa kawaida hakuzidisha maneno, alimsikiliza mpaka mwisho huku akitafuta tundu kwenye mpira. “Mimi nisiseme sana, huyo ni dada yangu, utadhani nampendelea. Ila mteja akiniletea gurudumu lenye msumari, siwezi kumwambia panda tu, msumari tutautoa mbele ya safari.”

“Watanichukia, Baba Watoto.”

“Watakuchukia, ndiyo,” mumewe akakubali bila kumficha. “Lakini utapata usingizi.”

Fundi akapiga moyo konde. Jioni ile ile alimtumia afisa mipango ujumbe, akamwomba kikao cha wote, wa bondeni wakiwamo, siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri.

Ghala lilijaa. Fundi alisimama mbele ya shuka zake, na kwa mara ya kwanza mgongo wake haukunyooka. Alieleza yote bila kuzungusha: uwanda, nondo, ufa wa jiko. “Kanuni ya vifungo ilikuwa yangu,” alisema. “Nilidhani asiye na kifungo hana la kusema. Nikapaona peupe, nikapaita patupu, na mimi nilijua hapakuwa patupu. Kosa ni langu. Ninaomba tusiupigie kura mpango huu kama ulivyo.”

Ghala likalipuka. “Umetuuza!” “Siku zote ulikuwa wapi?” Sauti moja kutoka nyuma ikasema, “Anamtetea wifi yake, basi!” Hilo lilimchoma Fundi kuliko mengine yote, kwa kuwa miaka yote miwili kijiji kilikuwa kikimwita katibu asiyependelea mtu. Machozi yalimlenga, akayaacha yamlenge.

Afisa akaombwa aseme. Alisimama, akakohoa. “Mpango ukibadilishwa mahali pa zahanati, lazima ubandikwe upya wiki sita, watu wauone, ndipo upigiwe kura. Tarehe itakuwa imepita. Ninaweza kuiomba halmashauri iwaongezee muda. Kuahidi siwezi.”

Kelele zilikuwa zinaanza tena pale mlango ulipofunguka. Watu wa bondeni waliingia wote, miguu imepakaa tope mpaka magotini, wakajipanga ukutani kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Leo haikuwa Jumamosi. Wifi alikuwa mbele, na nondo yake begani.

“Shikamooni wazee,” alisema. “Sisi si watu wa maneno. Anayesema wifi yangu ananipendelea, na aje tutembee naye. Ni mwendo wa robo saa tu. Nondo hii haina wifi.”

Kuna waliocheka. Mzee Tuendelee alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona hana ujanja. Kikao kizima kikashuka bondeni kwa miguu.

Walijaribu mmoja mmoja. Yule aliyepaza sauti kutoka nyuma alijaribu mara tatu, mahali patatu, akamrudishia wifi nondo yake bila kumtazama usoni. Afisa naye akataka kuhakikisha kwa kazi yake. Alikwenda hadi katikati ya uwanda, pale hasa kwenye mlango wa zahanati ya karatasini, na mguu wake wa kulia ukazama mpaka kwenye goti. Walimvuta watu wawili. Mguu ulitoka, kiatu hakikutoka. Wifi alipoachia kile kicheko chake, hakuna aliyeweza kujizuia, hata afisa mwenyewe alicheka akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Lakini Mzee Tuendelee hakucheka. Alikuwa akilitazama lile shimo dogo likijaa maji polepole. “Binti yangu ana mimba,” alisema kwa sauti ya chini. “Mwakani hapa ndipo angekuja kupima mtoto.” Akamgeukia Fundi mbele ya watu wote. “Nisamehe, mama. Nilikuharakisha.” Kisha akanyoosha mkono juu, kura ya kuahirisha, na mikono mingine ikafuata mpaka ya mwisho.

Halmashauri iliwaongezea miezi mitatu. Haikuwa bure. Zahanati waliyokuwa wametengewa mwaka ule ilipelekwa kijiji kingine kilichokuwa tayari, na kuna wajawazito waliolazimika kusafiri mbali mwaka mzima zaidi. Fundi alikutana nao njiani, wengine wakamsalimu, wengine wakageuza uso. Hakuwalaumu.

Alichofanya ni kuzifungua shuka ukutani, akazikunja, akazibeba kichwani. Vikao vikaacha kukaa ghalani. Jumatano vilikuwa bondeni, kando ya matanuru, wakati matofali yakikauka. Jumatatu vilikuwa kijitoni wanapofulia, na siku nyingine kwenye zizi. Na mambo yakatoka ambayo Jumamosi hazikuwahi kuyatoa. Wafuaji walisema kivuko kilichopangwa kingechafua maji ya kunywa. Mchunga mbuzi alionyesha kwamba njia mpya ya mifugo inapita kwenye mwamba ambao hata mbuzi wanasita kuupanda. Ajuza mmoja asiyeweza kutembea, aliyefuatwa kitandani kwake, aliuliza swali moja tu: kwa nini hakuna benchi hata moja kati ya nyumba na kituo cha gari? Zahanati ikahamishiwa kwenye mwinuko nyuma ya shule, na wifi mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuchoma mwinuko huo kwa nondo, ikagoma baada ya kuingia kina cha kiganja tu. Siku ya kura, watu tisa kati ya kila kumi walisema ndiyo. Barabara ya malori ikazungushwa nyuma ya kilima.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makali. Asubuhi moja watu wa bondeni waliamka wakakuta sehemu ya uwanda imeshuka kimo cha mtu, majani yake yakiwa bado ya kijani humo chini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kijiji kizima kilishuka kutazama. Watu walisimama ukingoni muda mrefu, kisha wakarudi makwao wakizungumza kwa sauti za chini. Waliokuwa wakimgeuzia Fundi uso waliacha siku ile.

Sifa zikasafiri. Wajumbe watatu wa kijiji cha ng'ambo ya kilima walikuja kumwona Fundi kwenye cherehani yake, wamevaa vizuri, wamebeba zawadi.

“Mama, tumesikia wewe ni bingwa,” alisema mkubwa wao. “Tunataka utuchoree mpango wetu. Tumekuletea orodha ya nyumba zote. Ukikaa hapa siku tatu nne utakuwa umemaliza, wala hatutakusumbua kuja kwetu.”

Zamani Fundi angevimba kichwa. Sasa aliipokea orodha kwa mikono miwili, kwa adabu, akawarudishia kwa mikono miwili vilevile.

“Shuka nitawashonea, tena bure,” alisema. “Kuchora siwezi. Kwenu sijui maji yanapita wapi, sijui nani anaogopa njia ipi, sijui mmefukia nini. Nendeni mkawaulize wanaoishi hapo, na mwanze na wale wasiokuja kwenye vikao vyenu. Mimi nilikichora kijiji nilichozaliwa, nikakosea kwa sababu ya bonde moja tu nisilolikanyaga. Nimejifunza kwa gharama ya watu: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.”